Uzi: Lahaja ya kale ya Hijazi, na hamza iliyokalia kiti kisicho chake

#1. Mleta uzi

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Fungueni msahafu wowote ulio karibu nanyi, mtafute neno «mu'min», kisha mzitazame herufi zake zenyewe kabla ya kutazama alama zinazopanda juu na kushuka chini yake. Mtaona mimu, wau, mimu na nuni. Ule mkato wa sauti kooni tunaouita hamza, ambao mwalimu hatuachii tuupite bila kuutamka, hauna herufi yake katika neno hilo. Umepachikwa juu ya wau kama abiria aliyedandia gari la mwenziwe. Nendeni Surat al-Hajj, aya ya 45, kwenye «bi'r», yaani kisima, na hapo hamza imekalia yaa. Nendeni Surat Maryam, aya ya 4, kwenye «ra's», yaani kichwa, na hapo imekalia alifu. Hamza ni moja na viti ni vitatu.

Nilipokuwa chuoni niliamini kwamba hizo ni kanuni za imla za kukaririwa, na maelezo pekee niliyopewa yalikuwa ya bakora. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba kanuni hizo zina historia, na kwamba historia yenyewe ni ya lahaja. Aliyeziandika herufi zile hakuwa na hamza kinywani mwake katika maneno hayo. Alisema «muumin» kwa u ndefu, «biir» kwa i ndefu na «raas» kwa a ndefu, akaandika alichokisema. Alikuwa mtu wa Hijazi.

Hijazi ni ukanda wa magharibi wa Bara Arabu unaoambaa na Bahari ya Shamu, wenye miji ya Makka, Madina na Taif. Humo waliishi Quraysh, Thaqif, Kinana na Hudhayl, na mashariki yao, katika nyanda za Najd na kuendelea, waliishi Tamim, Asad na makabila mengine ya wafugaji. Wanasarufi wa karne ya 8, wakiwemo al-Khalil bin Ahmad, mwanafunzi wake Sibawayh aliyefariki karibu na mwaka 796, na al-Farra wa Kufa aliyefariki mwaka 822, hawachoki kutuambia kwamba watu wa Hijazi wanasema hivi ilhali Banu Tamim wanasema vile. Kwa hiyo tofauti hii haikubuniwa na wataalamu wa Ulaya, kama ninavyosikia baadhi ya watu wakidai. Imo katika vitabu vya nahau tangu nahau ilipoanza kuandikwa.

Kuna jambo moja ambalo kwangu linamaliza ubishi wa hamza. Mwandiko wa Kiarabu ulitokana na mwandiko wa Wanabati, watu wa Petra na Hegra, ambao ufalme wao ulitwaliwa na Roma mwaka 106. Mwandiko huo ulirithiwa kutoka kwa Kiarami, na katika Kiarami cha asili alifu ndiyo iliyokuwa herufi ya hamza yenyewe. Maana yake ni kwamba mwandishi wa Hijazi alikuwa na herufi tayari mkononi. Lau angekuwa anatamka «mu'min» kwa mkato wa kooni, angeandika mimu, alifu, mimu, nuni, na shida isingekuwepo. Aliandika wau kwa sababu alisikia u ndefu, basi. Alama ya hamza tunayoijua leo, ile iliyochorwa kwa kichwa cha herufi ya ain, ilikuja baadaye sana na inanasibishwa na al-Khalil, ikawekwa juu ya herufi ambazo tayari zilikuwa zimekwisha andikwa.

Ninachotaka kusema katika uzi huu, basi, ni kwamba katika kila ukurasa wa msahafu kuna lahaja mbili zinazoishi pamoja: chini, katika herufi, ni matamshi ya Hijazi, juu, katika alama, mara nyingi ni matamshi ya makabila mengine.

#2. Mwanagenzi

Ustadhi, nakushukuru kwa mada hii, lakini nina dukuduku. Tumefundishwa kwamba Kurani iliteremka kwa lugha ya Quraysh, na kwamba Khalifa Uthman aliamuru iandikwe kwa lugha yao. Ikiwa Quraysh hawakuwa na hamza, kwa nini sisi tunaisoma kwa hamza? Naogopa kwamba maneno yako, usipoyaeleza vizuri, yatamfanya mtu adhani tunasoma kisicho sahihi.

#3. Mleta uzi

Dukuduku lako ni la haki, ndugu yangu, na nalijibu kwa uangalifu. Sisi wa Afrika Mashariki kwa wingi wetu tunasoma kwa riwaya (njia ya upokezi wa kisomo) ya Hafs kutoka kwa Asim, na Asim alikuwa msomaji wa Kufa, huko Iraki, aliyefariki mwaka 745. Hicho ni kisomo kimoja kati ya visomo vilivyopokewa kwa isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi, na si kisomo pekee. Anayesoma kwa riwaya ya Warsh, kama wafanyavyo watu wa Moroko na Algeria, anatamka «muuminuun» bila hamza, na hakuna anayemwambia amekosea. Abu Jaafar wa Madina anaiacha hamza mahali pengi zaidi ya hapo. Ibn Kathir wa Makka anaitamka hamza katika maneno mengi, lakini akifika kwenye jina la Kitabu chenyewe anasema «Quraan» bila mkato. Hapa mtu asitarajie mambo yanyooke kama rula, kwani Nafi, ambaye ni imamu wa kisomo cha Madina, ndiye anayesoma «nabii'» kwa hamza mwishoni, ilhali wengine wote wanasema «nabiyy».

Namna watu wa Madina walivyoichukulia hamza inaonekana katika kisa kinachosimuliwa na wanaleksika wa Kiarabu. Khalifa al-Mahdi alipokwenda hija alimweka al-Kisai, imamu wa kisomo wa Kufa, aswalishe watu Madina. Al-Kisai akasoma kwa hamza kama alivyozoea, na watu wa mji wakamkemea kwamba vipi anaikata Kurani kwa hamza ndani ya msikiti wa Mtume. Kisa hicho hata kama kimetiwa chumvi na wasimulizi, chumvi yenyewe inatuambia kwamba mwishoni mwa karne ya 8 watu bado waliihesabu hamza kuwa ni tabia ya wageni wa Iraki.

Kuhusu amri ya Uthman, ambayo ilitolewa karibu na mwaka 650, nakuongezea jambo ambalo mara nyingi hupitwa. Kamati ya uandishi ilikuwa na Zayd bin Thabit, ambaye ni Ansari wa Madina, pamoja na Maquraysh watatu. Inapokewa kwamba walihitilafiana juu ya neno «tabut», yaani sanduku, katika Surat al-Baqara: Zayd alitaka liandikwe kwa hee mwishoni, «tabuh», na Maquraysh wakataka tee, na Uthman akakata shauri kwa upande wa Quraysh. Kwa hiyo hata ndani ya Hijazi penyewe Makka na Madina hazikuwa kitu kimoja. Tunaposema «lahaja ya Hijazi» tunataja kundi la lahaja zilizokaribiana, kama vile mtu asemapo Kiswahili cha pwani ya kaskazini akiwa amewakusanya Waamu na Wapate katika kapu moja.

#4. Kaskazi

Mimi ni mtu wa visiwani na jambo hili limenigusa kwa upande wa Kiswahili chetu. Sisi husema muumini, nabii, suala, na ncha za nchi tunaziita Ras, kama Ras Nungwi na Ras Kutani. Hakuna hamza hata moja. Je, si dalili kwamba maneno haya yalitujia kutoka Hijazi? Pia nakuomba ueleze kwa nini swala na zaka huandikwa kwa wau ndani ya msahafu ilhali tunazisoma kwa alifu.

#5. Mleta uzi

La kwanza sikubaliani nalo, ingawa natamani lingekuwa kweli. Kiswahili hakina hamza miongoni mwa konsonanti zake, kwa hiyo hata neno lingekuja kutoka kwa Tamimi mwenyewe, sisi tungeliiacha hamza ufukweni. Isitoshe, Waarabu waliochanganyika na watu wa pwani yetu kwa karne nyingi walitoka zaidi Hadhramaut, Yemeni na Omani, na lahaja zilizo nyingi za Kiarabu cha leo nazo husema «raas» na «biir». Ras Nungwi inatuonyesha kwamba matamshi yasiyo na hamza yalienea mbali. Haituonyeshi yalipita njia gani. Ushahidi ukikubali maelezo mawili si vizuri kuuegemeza kwenye yale tunayoyapenda.

La pili ni zuri sana. Swala, zaka, hayati (uhai) na maneno mengine machache yameandikwa kwa wau mahali ambapo tunasoma a ndefu. Sibawayh ametaja alifu ya aina maalumu, alifu nzito, akasema ni ya watu wa Hijazi na akatoa mfano wa maneno hayo hayo. Inaelekea basi kwamba walitamka sauti iliyokaribia o, kama «salooh» na «zakooh». Wako wanaosema kwamba wau hiyo ilinakiliwa tu kutoka kwenye maandishi ya Kiarami, kwa kuwa katika Kiarami neno la sala na la zaka nayo yana wau. Mimi naona maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu wau inatokea pia katika «najaat», yaani kuokoka, ambalo ni neno la Kiarabu halisi, na mzizi wake ni nuni, jimu na wau. Mizizi mingine mingi ya kundi hilo ina wau mwishoni vilevile. Mwandishi aliandika o iliyozaliwa na wau ya mzizi.

Kwa upande wa pili kuna alifu inayoandikwa kwa yaa, kama katika «hudaa», uongofu. Hiyo nayo ina dalili za kutamkwa karibu na e. Katika riwaya yetu ya Hafs sauti hiyo imebaki mahali pamoja tu, Surat Hud, aya ya 41, tunaposoma «majreehaa», na kila mwanafunzi hukumbuka siku aliyofika hapo kwa sababu mwalimu humsimamisha.

#6. Mleta uzi (naendelea)

Tukitoka kwenye sauti tuingie kwenye sarufi, maana ndiko lahaja inakojitambulisha vizuri zaidi.

Wanafunzi wa nahau wanaijua «maa ya Kihijazi». Katika Surat Yusuf, aya ya 31, wanawake wa mjini walipomwona Yusuf walisema «maa haadhaa basharan», huyu si mwanadamu, na neno «basharan» likawekewa nasbu, yaani mwisho wa -an. Tamim wangesema «basharun» kwa raf'u, yaani mwisho wa -un. Angalieni kwamba hapa tofauti si ya alama za juu peke yake, kwani alifu ya nasbu imeandikwa kwa herufi mwishoni mwa neno.

Neno «halumma», yaani njoo au lete, lilikuwa halibadiliki kwa watu wa Hijazi: unamwambia mmoja «halumma», na unawaambia kumi «halumma». Tamim walilinyambua kama kitenzi, wakasema «halummii» kwa mwanamke na «halummuu» kwa wengi. Katika Surat al-Ahzab, aya ya 18, wanaambiwa watu wengi, na neno ni «halumma ilaynaa».

Vitenzi vyenye herufi mbili za mwisho zinazofanana navyo viligawanyika. Hijazi walizitenganisha katika amri, wakasema «urdud», rudisha, na Tamim wakazibana kwa shada (alama ya kukaza herufi), wakasema «rudda». Kurani ina «waghdud min sawtik» katika Surat Luqman. Katika Surat al-Maida, aya ya 54, misahafu ya kale yenyewe ilitofautiana: ule wa Madina na ule wa Sham iliandika dali mbili, «yartadid», na ile ya Makka, Kufa na Basra iliandika dali moja, «yartadda». Hafs anafuata ya Kufa. Lakini katika Surat al-Baqara, aya ya 217, ni «yartadid» kwa wote.

Upande mwingine Hijazi ndio walioshinda. Katika kiambishi cha mwanzo cha kitenzi wao walitumia fat-ha (irabu a), «nasta'iin» na «na'lam», na Sibawayh anasema Waarabu wengine wote walitia kasra (irabu i) katika vitenzi vya aina hiyo, wakasema «nista'iin» na «ni'lam». Kiarabu sanifu kimechukua fat-ha ya Hijazi hapa, kama kilivyochukua hamza ya Najd kule. Hijazi pia walizishika irabu fupi za katikati bila kuzimeza: «rusul» na «kutub», ambapo Tamim walisema «rusl» na «kutb». Na ile «dhaalika» ya kuashiria kilicho mbali, yenye lamu ndani yake, inahesabiwa kuwa ya Hijazi, na «dhaaka» isiyo na lamu kuwa ya Tamim.

La mwisho katika fungu hili ni lile ninalolipenda. Kiwakilishi cha «yeye» baada ya i au yaa tunakisoma «bihi» na «alayhi». Sibawayh anaeleza kwamba watu wa Hijazi walikiacha na dhumma yake (irabu u), wakasema «bihuu» na «ladayhuu». Sasa someni Surat al-Fath, aya ya 10, kwa riwaya ya Hafs: «bimaa aahada alayhu llaah». Kisha Surat al-Kahf, aya ya 63: «wamaa ansaaniihu». Ni sehemu mbili ambazo dhumma ya Makka imejitokeza katika kinywa cha msomaji wa Kufa.

#7. Mwanagenzi

Nimezifungua zote mbili na nimeziona. Nilikuwa nazisoma tangu utotoni na nikidhani ni makosa ya ulimi wa mwalimu wangu, Mungu anisamehe. Nina swali jingine: nimewahi kusikia kwamba kuna mzungu aliyedai kwamba Kurani mwanzoni haikuwa na irabu za mwisho za i'rabu, zile zinazobadilika kwa nafasi ya neno katika sentensi, kabisa, na kwamba zilitiwa na wanasarufi. Hilo linaingia hapa?

#8. Mleta uzi

Linaingia. Huyo ni Karl Vollers, Mjerumani, aliyetoa dai hilo mwaka 1906, na aliyempinga mapema ni Mjerumani mwenzake, Theodor Nöldeke. Vollers alichukulia kwamba lugha ya Makka ilikuwa ya mitaani na imekwisha poteza i'rabu yote. Mwaka 1951 Chaim Rabin aliikusanya habari ya lahaja za magharibi mwa Bara Arabu kutoka katika vitabu vya Waarabu wenyewe, na katika miaka ya karibuni Marijn van Putten amelirudia swali hilo kwa kuzichunguza herufi za misahafu ya kale na visomo kwa pamoja.

Maoni yangu ni kwamba Vollers alivuka mpaka. Herufi zenyewe, ambazo hakuna aliyezibadilisha, zina i'rabu ndani yake. Nimetaja alifu ya «basharan». Ongezeni «abuu, abaa, abii», yaani baba katika hali zake tatu, ambazo zimeandikwa kwa wau, alifu na yaa kila moja mahali pake. Ongezeni wingi wa «muuminuun» na «muuminiin». Msemaji asiye na i'rabu hata chembe asingeweza kuzipanga hivyo bila kuteleza. Lakini ni kweli pia kwamba msahafu uliandika kila neno kama linavyotamkwa msomaji anaposimama, si kama linavyounganishwa na linalofuata, na irabu fupi za mwisho haziwezi kuonekana kwenye mwandiko wa namna hiyo hata kama zilikuwepo. Kuhusu irabu hizo fupi herufi za Kiarabu ziko kimya.

Ndiyo maana kipande kimoja kidogo kina thamani kubwa. Katika Msikiti wa Umawiyya, Damascus, kulipatikana kipande cha ngozi chenye Zaburi ya 78 kwa Kigiriki, na kando yake tafsiri ya Kiarabu iliyoandikwa kwa herufi za Kigiriki. Bruno Violet alikichapisha mwaka 1901. Kigiriki huandika irabu zake, kwa hiyo kwa mara moja tunausikia ulimi wenyewe: irabu fupi za mwisho wa majina kwa jumla hazipo, na a ndefu mara nyingi imeelekea kwenye e. Ahmad al-Jallad amekichunguza upya na kukihusisha na Kihijazi cha kale. Kumbukeni hata hivyo kwamba kiliandikwa Sham, baada ya Waarabu kuenea, na mazungumzo ya Makka ya miaka kadhaa kabla yake yangeweza kuwa na sura nyingine.

Ushahidi mwingine wa karibu na zama hizo ni mafunjo na majabali. Kuna stakabadhi ya kondoo kutoka Misri ya mwaka 22 Hijria, sawa na 643, iliyoandikwa kwa Kigiriki na Kiarabu, na kuna jiwe la mtu aitwaye Zuhayr, kaskazini mwa Hijazi, linalosema aliandika wakati alipofariki Umar, mwaka 24 Hijria. Vyote viwili tayari vina nukta juu ya baadhi ya herufi, jambo ambalo zamani lilidhaniwa kuwa ni la baadaye.

#9. Kaskazi

Lahaja yenyewe iliishia wapi? Akienda mtu Makka leo ataisikia?

#10. Mleta uzi

Hataisikia kwa sura ile. Makka na Jidda zimepokea mahujaji na wahamiaji kutoka Misri, Sudani, Sham, Yemeni na Bara Hindi kwa karne nyingi, na usemi wa mijini wa leo umechanganyika. Kwa upande wa Kiarabu cha kuandikwa, nahau ilijengwa Basra na Kufa, miji ya kambi iliyoanzishwa Iraki katika miaka ya 630, na wanasarufi wa huko waliwapenda mabedui wa Tamim, Qays na Asad kuwa mashahidi wa lugha safi. Walioamua hamza itamkwe walikuwa na msahafu wa Hijazi mbele yao na Mtamimi pembeni yao.

#11. Mwanagenzi

Swali langu la mwisho. Katika «yas'aluunaka» ya Surat al-Baqara, msahafu wangu uliochapwa Madina umeiacha hamza ikielea hewani, haina wau wala alifu wala yaa. Kiti chake kiko wapi?

#12. Mleta uzi

Hakikuwepo. Hamza iliyofuata herufi yenye sukuni, yaani isiyo na irabu, Hijazi waliiacha kabisa, na haikugeuka kuwa irabu ndefu, walisema «yasaluunaka». Mwandishi aliandika sini kisha lamu, akaendelea, kwa sababu katikati yake hakusikia kitu. Waliokuja baadaye na hamza zao walikuta hakuna nafasi, na kwa adabu ya kutoongeza herufi katika mwandiko wa Uthman wakaining'iniza pale ulipoiona. Sasa teremka kwenye sura hiyo hiyo mpaka aya ya 211, amri ya kitenzi hicho hicho mwanzoni mwa aya: «sal banii israaiil», waulize wana wa Israili. Hiyo haikuwekewa hamza, na visomo vyote kumi vinaisoma «sal».